Mtumiaji mpya ni mgeni, asiachwe mlangoni

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walionena hivyo hawakuwa na simu mkononi, wala hawakuwazia kwamba ingefika siku ambapo mtu angeomba mkopo wa karo, angechagua chuo na kusoma hati yake ya mshahara kwa kugusa kioo. Hata hivyo, methali hiyo imebeba kanuni ambayo wengi wa wanaotuundia programu za simu na tovuti wameisahau. Mgeni kwanza hupokewa, ndipo baadaye akakabidhiwa kazi. Siku hizi mambo yamegeuzwa. Programu nyingi humpa mgeni jembe kabla hajavuka kizingiti.

Hebu tumtazame mwanafunzi aliyepakua programu fulani kwa nia ya kutafuta masomo ya ziada. Kabla hajaona hata somo moja, aamriwa ataje majina yake yote, anwani ya barua pepe na tarehe ya kuzaliwa. Abuni nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Akubali masharti marefu yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Airuhusu programu isome nambari za simu za jamaa na marafiki zake, na ijue mahali alipo. Akishayamaliza hayo, aonyeshwa picha kadhaa zinazoeleza kazi ya vitufe ambavyo bado hajaviona. Mwishowe afika kwenye ukurasa mtupu usio na neno la kumwelekeza. Je, ni ajabu akiifuta programu hiyo papo hapo?

Nashikilia kwamba programu njema ni ile inayomwezesha mgeni kutenda lile lililomleta, kwa vitu alivyo navyo tayari, kisha ikamfunza mengine njiani kadiri haja inavyozuka. Hili si suala la urembo wala si anasa ya wenye simu za bei ghali. Ni suala la haki. Programu ya muziki ikimchosha mtu, ataiacha na kutafuta nyingine. Lakini mtovu wa karo hawezi kuiacha tovuti ya mikopo, na mwalimu hawezi kuiacha ile ya mwajiri wake. Hao, mlango ukiwashinda kufungua, hulazimika kumtafuta mtu wa kuwafungulia.

Mtu huyo aghalabu ni mhudumu wa saiba. Sina nia ya kumbeza. Katika miji yetu na vituo vya biashara vya mashambani, yeye ndiye aliyejaza pengo walilouacha waundaji wa mifumo, naye hulipwa kiasi kidogo kwa subira nyingi. Ila tutazame kinachotendeka. Mwanafunzi anampa mhudumu kitambulisho chake na simu yake. Mhudumu anamfungulia anwani ya barua pepe, anamchagulia nywila, anayasoma mwenyewe matarakimu ya uthibitisho yanayoingia kwa ujumbe mfupi, na kujaza fomu upesi kwa kuwa foleni ni ndefu. Mwanafunzi anaondoka na karatasi iliyochapishwa, akiamini kwamba shughuli imekwisha. Miezi kadhaa baadaye, anapotaka kurekebisha jambo, anagundua kwamba hana ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Nywila haijui, na barua pepe hajawahi kuifungua. Isitoshe, siri zake zimebaki mikononi mwa mtu asiyemfahamu hata kwa jina.

Basi mapokezi mabaya hayamfukuzi mtu tu, bali humfundisha tabia mbaya. Humzoesha kuamini kwamba nambari ya siri ni kitu cha kugawa, na kwamba teknolojia ni ya wengine. Somo hilo la kwanza huwa gumu sana kulifuta.

Kuna watakaodai kuwa haya hayaepukiki kwa sababu watu wetu wengi hawakusomea kompyuta. Dai hilo halina mashiko, na ithibati tunayo papa hapa nyumbani. Mnamo Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kuufanyia majaribio mfumo wa kutuma pesa kwa simu, zikishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu. Majaribio yalifanywa Nairobi na Thika kwa wateja wachache. Nia ya awali ilikuwa kuwawezesha wanachama wa vikundi kupokea mikopo na kuilipa. Lakini Nick Hughes na Susie Lonie, walioiongoza kazi hiyo, waliona mambo mawili. Kwanza, kuwafunza watu kulihitaji juhudi nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Pili, wateja walikuwa wakiutumia mfumo kwa haja zao wenyewe, hasa kutumiana pesa. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi mnamo Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando. Mwito uliotangazwa ukawa mmoja tu: tuma pesa nyumbani.

Tuangalie jinsi mgeni alivyopokewa. Hakuhitaji simu ya kisasa, maana huduma ilikaa ndani ya laini yenyewe. Hakuhitaji barua pepe wala akaunti ya benki. Alihitaji kitambulisho, laini ya simu na nambari ya siri. Kujiandikisha kulikuwa bure, na kuweka pesa kulikuwa bure. Aliyemwandikisha alikuwa wakala, mara nyingi mwenye duka la mtaani, ambaye alilipwa kwa kazi hiyo na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kumwelekeza mteja hatua kwa hatua. Menyu ilipatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zaidi ya yote, mtu ambaye hakuwa amejiandikisha aliweza kutumiwa pesa. Alipata ujumbe mfupi, akaenda kwa wakala, akapewa pesa zake taslimu. Mama aliyekuwa kijijini alionja faida kwanza, na kujiandikisha kukafuata kwa hiari yake.

Hapo pana funzo kubwa. Mamilioni ya Wakenya, wakiwemo wengi ambao hawakumaliza shule ya msingi, walijifunza kutumia mfumo wa fedha wa kielektroniki bila kuhudhuria darasa lolote. Watu hawakubadilika. Mfumo ndio uliopangwa ukawafuata walikokuwa. Kwa hivyo mtu akisema leo kwamba wananchi hawaelewi tovuti yake, na aulizwe kwanza kama tovuti yenyewe yawaelewa wananchi.

Jambo hili limechunguzwa pia na wataalamu. Katika miaka ya 1980, John Carroll na wenzake katika kampuni ya IBM nchini Marekani waliwatazama makarani na watu wa ofisini waliokuwa wakijifunza kuandika kwa kompyuta. Walikuta kuwa wanaojifunza hawasomi kitabu cha maelezo ukurasa kwa ukurasa. Wao hutaka kuandika barua iliyo mbele yao, na huanza mara moja. Wakikosea, hupotelea katika sehemu za mfumo ambazo hata hawakuzihitaji. Carroll na mwenzake walijaribu kuzifunga sehemu hizo kwa muda, mfano wa baiskeli ya mtoto inayotiwa magurudumu madogo ya kando, na mwaka 1984 wakaandika kuwa waliojifunza kwa njia hiyo walifaulu upesi zaidi na makosa yao yakapungua. Aidha, walitunga vitabu vifupi vilivyoanza na kazi halisi na kumweleza mtu namna ya kujinasua akikosea. Mnamo 1990, Carroll alitoa kitabu juu ya utafiti huo, ambacho jina lake lilitokana na hekaya ya Wajerumani kuhusu mrija wa kumiminia elimu kichwani mwa mwanafunzi. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mrija wa aina hiyo haupo.

Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa alijua hayo kabla ya Carroll. Hakuna anayemfunza mtoto kuogelea kwa kumsomea orodha ya mitindo ya kuogelea. Lakini zile picha za maelezo ambazo programu hutuonyesha tunapoifungua mara ya kwanza ni mrija ule ule. Mtu huzipita haraka akitafuta kitufe cha kuziondoa, na baada ya dakika moja hakumbuki neno. Maelezo yafaayo ni yale yanayokuja wakati mtu ameshika kazi na mkono wake umesita.

Wapo wanaolitenda jambo hili vyema. Programu ya kufunzia lugha ya Duolingo, ambayo ilipata somo la Kiswahili mwaka 2017, imejulikana kwa desturi ya kumwachia mgeni afanye zoezi la kwanza kabla ya kumwomba afungue akaunti. Anapoombwa jina, tayari amejifunza maneno machache na ana kitu cha kuhifadhi. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Nyumba za kale za mawe za Lamu huwa na daka mlangoni lenye mabaraza ya kukalia, ambapo mgeni huketi, akapumzika na kuzungumza na mwenyeji bila kuingizwa mara moja vyumba vya ndani. Mabwana wa nyumba hizo walifahamu kwamba kati ya njia na sebule lazima pawe na mahali pa mtu kuwa mgeni. Programu isiyokuwa na baraza humlazimisha mpita njia aamue papo hapo ama kuwa mwana wa nyumba ama kwenda zake.

Humu nchini nao mfumo wa KUCCPS, ambao wanafunzi huutumia kuchagua kozi za vyuo, una jambo la kuigwa. Mwanafunzi huingia kwa nambari yake ya mtihani wa KCSE na mwaka alioufanya, na nywila ya kuanzia huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ile ya mtihani wa KCPE. Hivyo ni vitu ambavyo tayari viko kwenye faili lake. Habuni lolote. Lakini wepesi huu una gharama yake, kwa kuwa nambari hizo zajulikana pia na watu wengine, nyumbani na shuleni. Kwa sababu hiyo, somo la kwanza la kumfunza mgeni wa mfumo kama huo, akishaingia tu, ni kubadilisha nywila na kuiweka siri. Huo ndio wakati mwafaka, kwa maana ameuona mlango ukifunguka na anaelewa kinacholindwa.

Mapokezi hayaishii kwenye hatua kubwa kubwa. Heshima huonekana katika mambo madogo. Chukua fomu inayokataa alama ya ritifaa. Mtu aitwaye Ng'ang'a au Ong'era huambiwa kwamba jina lake lina kosa! Akiandika jina bila ritifaa, halitalingana na lile lililo kwenye kitambulisho chake, na hapo ataanza kusumbuliwa upya. Au chukua fomu inayotaka nambari ya simu ianze na 254, lakini haisemi hivyo, bali humwambia mtu tu kwamba nambari si sahihi. Kompyuta inaweza kuibadilisha sufuri ya mwanzo kuwa 254 yenyewe, kufumba na kufumbua. Mbona kazi hiyo atwikwe nyanya wa miaka sabini? Au chukua fomu ya kurasa nane ambayo bando likiisha katika ukurasa wa saba, yote yaliyoandikwa hupotea. Aliyeiunda bila shaka aliijaribu kwenye ofisi yenye mtandao usiokatika. Hakuijaribu ndani ya matatu, wala kwenye simu yenye kioo kilichopasuka inayotumiwa na ndugu watatu.

Ujumbe wa makosa nao ni sehemu ya mapokezi. "Hitilafu imetokea" ni kauli isiyomfaa mtu, kwani haimwambii lililoharibika wala la kufanya. "Mwaka wa kuzaliwa uandike kwa tarakimu nne" ni kauli ya mwalimu anayemtakia mwanafunzi wake mema. Tofauti ya kauli hizo mbili haigharimu hata shilingi moja.

Fauka ya hayo, kuna suala la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mifumo mingi ya umma na ya kibinafsi humpokea Mkenya kwa Kiingereza peke yake, au kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine pasi na mtu kukipitia. Hapa pana kazi ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Vitufe vyahitaji maneno mafupi yanayoeleweka na wote, na maelezo yahitaji mtu anayejua jinsi watu wanavyosema. Atakayewaandikia wananchi kurasa za mwanzo za mifumo hii kwa Kiswahili sanifu na chepesi atakuwa ameitumikia lugha sawasawa na mtunzi wa riwaya.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni la usalama. Watu husema kuwa huduma ya fedha au ya serikali haiwezi kumruhusu mtu bila kumtambua, na sheria zenyewe zadai hivyo. Ni kweli. Lakini kumtambua mtu ni jambo moja, na kumuuliza yote siku ya kwanza ni jingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yenyewe yataka habari za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Ikiwa mtu anataka kusoma tu orodha ya kozi, jina la mama yake lahusianaje na hilo? Akifika hatua ya kutuma ombi, aulizwe, tena aelezwe sababu. Mtu anayeelezwa sababu hujibu kwa ukweli. Anayeamrishwa hujibu lolote ili apite. Zaidi ya hayo, tumekwisha kuona kwamba milango migumu kupita kiasi huwapeleka watu kwa wahudumu wa saiba, na nywila zao zikaandikwa katika madaftari ya watu wengine. Huo ni usalama wa aina gani?

Pingamizi la pili ni kwamba vijana wa leo ni wepesi wa simu, na watajifunza tu. Huenda wakajifunza. Ila mwenye kujaribu mara kumi ni yule mwenye muda, simu yake mwenyewe na fedha za bando. Asiyekuwa navyo hujaribu mara moja, tena siku ya mwisho ya kutuma maombi. Kila hatua isiyokuwa ya lazima humwacha nje yule tu ambaye tayari yuko nyuma. Mfumo uliokusudiwa kuleta usawa waishia kuwachuja maskini.

Waundaji nao wajichunge na hesabu zinazowadanganya. Husikika wakijivunia idadi ya waliopakua programu zao. Kuhesabu waliopakua ni kuhesabu waliobisha hodi. Swali la maana ni wangapi waliotimiza lile lililowaleta, kwa mikono yao wenyewe, na wangapi waliorudi.

Kwenu walimu, nawasihi mlichukue jambo hili kama lenu. Kila mwanzo wa mwaka shule hupokea wanafunzi wapya. Mwalimu mwenye busara hawasomei sheria zote za shule asubuhi ya kwanza. Huwaonyesha bweni, maji, darasa na mtu wa kumuuliza, kisha yaliyobaki huja wiki baada ya wiki. Maarifa hayo ndiyo yanayokosekana katika ofisi ambako mifumo hii huundwa. Mkialikwa kutoa maoni juu ya mfumo mpya wa elimu, msiseme tu kwamba ni mgumu. Semeni ni ukurasa gani, ni neno gani, na mlikuwa mkijaribu kufanya nini.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaosomea kompyuta, jaribuni zoezi hili kabla ya kuwasilisha miradi yenu. Mketisheni mtu ambaye hajawahi kuiona programu yenu. Mpeni kazi moja, kisha nyamazeni. Msimsaidie, msimweleze, wala msicheke. Andikeni kila mahali kidole chake kinaposita. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu watano watosha kufichua sehemu kubwa ya dosari. Watano hao hawakosekani kijijini. Mmoja na awe mpishi wa shule, mwingine bawabu, mwingine shangazi yako asiyependa simu. Wakishindwa, msiwaandikie maelezo marefu zaidi. Rudini mkaifanyie kazi programu.

Mgeni ana wajibu wake pia, na methali yetu haikuuficha. Siku ya tatu yaja, naye atashika jembe. Ataweka nywila yake, ataitunza siri yake, atajifunza yaliyo magumu. Lakini jembe hilo hupokewa kwa moyo mkunjufu na yule tu aliyekaribishwa vyema siku mbili za mwanzo.